Nani Anabisha Hodi Mwisho wa Mwezi? Somo la Showmax kwa Anayelipa kwa Simu

Somo la leo limetokana na swali ambalo hutufikia kwa maneno tofauti lakini maana ni ile ile: "Nikilipia hii programu ya sinema kwa simu, mwezi ujao itanikata tena bila kuniuliza?"

Jibu fupi ni kwamba inategemea nani anabisha hodi. Kuna malipo ambayo wewe ndiye unayeenda mlangoni kwa kampuni na pesa mkononi. Na kuna malipo ambayo kampuni ndiyo inayokuja mlangoni kwako, na ikikuta salio inachukua na kwenda zake. Katika somo hili tutayaita malipo ya kupeleka na malipo ya kufuatwa. Yote mawili ni halali, na yote mawili yana faida zake. Shida huanza pale mtu anapodhani amepeleka, kumbe amekubali kufuatwa.

Jibu refu linahitaji hadithi kidogo, na hadithi nzuri zaidi tunayoijua ni ya Showmax. Tumeichagua kwa sababu ni huduma ya video iliyozaliwa hapa Afrika, ikaja Kenya, na ikalazimika kujifunza jinsi watu wetu wanavyolipa. Ukielewa ilivyokua, utaelewa kwa nini kila programu ya video, ya muziki au ya mpira inakuuliza maswali yale yale kabla ya kukufungulia.

Pesa ya sinema kabla ya programu

Kwa miaka mingi pesa ya burudani mjini Isiolo, kama miji mingine ya Kenya, imetoka kidogo kidogo. Kwa duka la sinema unapeleka flashi, unachagua, unalipa kwa kila filamu, unaondoka. Kwa ukumbi wa mpira unalipa shilingi chache mlangoni, na dakika tisini zikiisha mmeachana. Filamu za DJ Afro, ambaye Wakenya wanamjua kwa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, zilisambaa hivyo hivyo, kutoka kumbi za video hadi diski, na kutoka diski hadi flashi. (Kwamba nyingi ya hizo filamu za dukani hazina kibali cha mwenyewe ni jambo lingine, na tusijifanye hatujui.)

Angalia sifa moja ya malipo hayo. Hakuna aliyekuuliza namba ya simu. Hakuna aliyekuwekea tarehe ya kurudi. Ukikosa pesa wiki hii, unakaa tu nyumbani, na hudaiwi na mtu.

Usajili wa mwezi ni kitu tofauti kabisa. Hapa hununui filamu, unanunua muda. Ukitazama filamu arobaini ndani ya mwezi, bei ni ile. Ukitazama moja, bei ni ile. Usipotazama hata moja kwa sababu ulikuwa umeenda na mifugo Merti ambako mtandao unakuja na kutoweka, bei bado ni ile. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu hatujalizoea, kwa sababu tulilelewa na biashara ya "lipa unachotumia."

Showmax ilivyoingia

Showmax ilianza Afrika Kusini mwezi Agosti 2015, ikiwa chini ya Naspers, kampuni iliyokuwa pia inamiliki MultiChoice, wenye DStv. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Januari 2016, Netflix ya Marekani ilifungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo Showmax haikupata nafasi ya kukua peke yake; ilitambaa ikiwa tayari na jirani mkubwa.

Jirani huyo alikuwa na filamu nyingi na pesa nyingi. Lakini alikuja na tabia za kwao, na tabia moja kubwa ilikuwa kadi. Huduma hizi ziliundwa Marekani, ambako kulipa kwa kadi ya benki ni jambo la kila siku. Unaandika namba za kadi mara moja, na kila mwezi kampuni inajichukulia yake hadi siku utakapoiambia ikome. Ni malipo ya kufuatwa, na biashara yote imejengwa juu yake.

Kenya mambo ni mengine. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia wakati Showmax inakuja, Mkenya wa kawaida alikuwa analipa umeme, karo na bidhaa za dukani kwa simu, ilhali kadi ya benki ilikuwa ya wachache. Showmax ilipoleta huduma yake rasmi Kenya mwaka 2016, ilikubali kulipwa kwa M-Pesa. Kwa macho ya watu wa biashara, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko filamu yoyote iliyokuja nayo. Mlango ulifunguliwa kwa mtu ambaye hana kadi na hana haja nayo.

Kisha ikaja bei. Showmax ilitoa mpango wa kutazama kwa simu pekee, wa bei ya chini kuliko ule wa televisheni, kwa sababu simu ndiyo skrini ya kwanza ya watu wengi. Netflix nayo ilifuata njia hiyo ya bei nafuu kwa simu, na Septemba 2021 ikaweka hata mpango wa bure kwa simu za Android nchini Kenya pekee, mpango ambao iliufunga Novemba 2023. Februari 2023 ilishusha bei katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Ukiona majitu mawili yanashushiana bei namna hiyo, ujue yamegundua kitu ambacho mwenye kiosk anakijua tangu zamani: kuna bei ambayo ukiipita, mteja hakasiriki wala halalamiki, anarudi tu kwa flashi yake.

Jambo la tatu lilikuwa hadithi za nyumbani. Mwaka 2021 Showmax ilitoa Crime and Justice, mfululizo wa upelelezi uliotengenezwa Nairobi pamoja na Canal+ ya Ufaransa, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa waigizaji wakuu. Baadaye zikaja Single Kiasi na The Real Housewives of Nairobi, hiyo ya mwisho ikianza Februari 2023. Unaweza kupenda au usipende (Housewives iligawanya watu!), lakini mtu halipi kila mwezi kwa kitu kisichomhusu. Viusasa, huduma ya Kenya iliyoanza 2017, ilikuwa imesoma somo hilo mapema: vipindi na filamu za hapa, kwa bei ndogo ndogo ambazo mtu angeweza kulipa hata kwa siku.

Hatua kubwa zaidi ilikuja 2023, wakati MultiChoice ilipotangaza kushirikiana na Comcast, kampuni ya Marekani inayomiliki NBCUniversal. Comcast ilichukua asilimia 30 ya Showmax na MultiChoice ikabaki na 70. Februari 2024 Showmax ilizinduliwa upya kwa teknolojia ya Peacock, huduma ya video ya Comcast, katika nchi 44 za Afrika. Kitu kilichotikisa watu ni mpango wa mpira: mechi zote 380 za Ligi Kuu ya Uingereza, kwenye simu, bila kulipia dishi. Wenye kumbi za mpira waliisikia hiyo habari vizuri sana. MultiChoice nayo ilijiwekea lengo la kuifikisha Showmax kwenye mapato ya dola bilioni 1 kwa mwaka ndani ya miaka mitano.

Na je, ilikua? Ilikua. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, MultiChoice ilisema wateja wanaolipia Showmax wameongezeka kwa asilimia 44. Lakini kwenye ripoti hiyo hiyo hasara ya Showmax ilikuwa ya mabilioni ya randi, na ilikuwa imepanda badala ya kushuka. Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuinunua MultiChoice, na mmiliki mpya akarithi wateja pamoja na hasara.

Kwa nini kampuni inataka kukufuata

Hapa ndipo tunataka usimame kidogo, kwa sababu ndilo somo lenyewe.

Wateja wanaongezeka, hasara inaongezeka. Inawezekanaje? Sababu ni nyingi. Haki za kuonyesha mpira ni ghali, teknolojia ni ghali, kutengeneza vipindi ni ghali, na thamani ya pesa za nchi nyingi za Afrika ilishuka katika miaka hiyo huku bili zikija kwa dola. Lakini sisi tunaoshughulika na malipo kila siku tunaona sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Ni jinsi pesa inavyosafiri.

Kwa mtu wa kadi, asipofanya chochote, anabaki kuwa mteja. Kwa mtu wa simu, asipofanya chochote, anatoka. Hebu rudia sentensi hizo mbili polepole. Mteja wa kadi anahitaji kuchukua hatua ili aache kulipa. Mteja wa M-Pesa au Airtel Money anahitaji kuchukua hatua ili aendelee: afungue programu, achague mpango, asubiri kile kidirisha kinachoomba PIN, aweke PIN. Kila mwezi anaulizwa upya, "Bado unatutaka?" Na kila mwezi baadhi wanajibu kwa kunyamaza. Msimu wa ligi ukiisha mwezi Mei, mwenye mpango wa mpira hana haraka hadi Agosti. Mwezi wa karo ukifika, sinema ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kwa kampuni hiyo ni kama kuchota maji kwa ndoo inayovuja. Inatumia pesa ya matangazo kukuleta Januari, unaondoka Februari, inatumia pesa nyingine kukurudisha Machi. Ndiyo maana siku hizi kila huduma inatafuta njia ya kukufuata hata kama huna kadi ya benki. Njia zenyewe zipo tayari. Tangu Juni 2022 Safaricom na Visa wana kadi ya mtandaoni iitwayo M-Pesa GlobalPay, ambayo hukuwezesha kulipa kwenye tovuti za nje ukitumia salio lako la M-Pesa. Tangu 2024 kuna M-Pesa Ratiba, ambapo unapanga malipo yajirudie yenyewe kwa tarehe unayotaka. Na kuna njia ya zamani zaidi ya kukata kutoka kwa muda wa maongezi, yaani kredo.

Hatusemi hizi ni mbaya. Ratiba ni kitu kizuri sana kwa kodi ya nyumba au mchango wa chama, kwa sababu hivyo ni vitu ambavyo kusahau kuna gharama. Sinema ni kinyume chake. Ukisahau kulipia sinema hakuna kilichoharibika. Ukisahau kuacha kulipia, ndiyo pesa inapotea. Kwa hiyo maoni yetu, na tunayasema waziwazi ingawa sisi ni kampuni ya malipo, ni kwamba burudani ibaki kwenye malipo ya kupeleka. Usumbufu wa kuweka PIN kila mwezi ni usumbufu unaokulinda.

Hesabu ya mama wa maziwa

Sasa tuulete huu mjadala kwetu. Isiolo inajulikana kwa maziwa ya ngamia. Yanakusanywa kutoka maboma, yanapandishwa basi, yanafika Eastleigh, na pesa inarudi kwa simu. Tuseme wewe ni mama unayefanya biashara hiyo. Laini yako ya simu si ya kupiga gumzo tu, ni sanduku la pesa la biashara. Humo ndani mna pesa yako, pesa ya wafugaji waliokuletea maziwa kwa mkopo wa siku mbili, na nauli ya mitungi. Mtoto wa ndugu yako amefunga shule, anakuja na kusema, "Shangazi, ni mia tatu tu, nitakuwekea hii programu."

Mia tatu si shida. (Bei tunazotumia hapa ni za mfano, bei halisi angalia kwenye programu yenyewe.) Lakini mia tatu ni bei ya mlango. Kuna bei ya barabara ya kufikia huo mlango, na hiyo ni bando.

Netflix yenyewe inaeleza kwamba video yake hula takriban GB 0.3 kwa saa ukiweka ubora wa chini, GB 0.7 ukiweka wa kati, na hadi GB 3 ukiweka ubora wa juu. Huduma nyingine hazitofautiani sana. Tuseme kijana anatazama saa moja kila jioni kwa siku 30, na tuseme GB moja unaipata kwa shilingi 60. Kwa ubora wa chini atatumia GB 9, yaani shilingi 540. Kwa ubora wa kati GB 21, yaani 1,260. Kwa ubora wa juu GB 90, na hapo tunazungumzia shilingi 5,400, bei ya mbuzi mdogo kwa mwezi mmoja wa sinema!

Kwa hiyo "mia tatu tu" kwa kweli ni 840, au 1,560, au zaidi, na tofauti yote inatoka kwenye kitufe kimoja ndani ya mipangilio ya programu. Karibu kila programu ya video ina sehemu ya kuchagua ubora au kubana matumizi ya data. Kwenye skrini ya simu ya inchi sita, ubora wa chini na wa kati vinatosha. Fungua hiyo sehemu kabla ya kufungua filamu ya kwanza. Na kama mna Wi-Fi mahali, kazini au hotelini au chuoni, pakua vipindi hapo na mvitazame nyumbani bila bando. Huduma nyingi huruhusu kupakua kwenye simu.

Kuna gharama ya tatu ambayo inajificha zaidi. Tuseme siku ya kulipia imefika na kwenye laini kuna shilingi 40 tu, kwa sababu pesa ya Eastleigh haijaingia. Kijana anajaribu kulipa, ujumbe unakuja kwamba salio halitoshi na unaweza kukamilisha kwa Fuliza. Anabonyeza. Fuliza inaongeza shilingi 260 zilizopungua, inatoza asilimia 1, na kulingana na kiasi na siku unazochukua kulipa, ada ya kila siku inaanza kuhesabika. Ada yenyewe kwa kiasi hicho si kubwa. Shida ni mpangilio wa foleni: pesa ya maziwa ikiingia tu, Fuliza inajilipa kwanza, kabla ya mfugaji, kabla ya nauli. Sinema imeruka foleni na kusimama mbele ya ngamia.

Tena ukiwa na malipo ya kufuatwa hutajua hata siku ilipotokea. Utaona salio limepungua asubuhi ambayo ulitaka kulipa watu.

Kabla hujaweka PIN

La kwanza, tenganisha laini. Kama biashara yako inapita kwenye laini moja, usiifunge na burudani. Laini ya pili yenye salio dogo inatosha. Weka humo pesa ya mwezi mmoja tu, lipia, basi. Hata kampuni ikibisha hodi mwezi ujao, itakuta sanduku tupu na itaondoka. Kumbuka tu kuangalia kama hiyo laini ya pili nayo ina mkopo uliowashwa, maana hapo sanduku halitakuwa tupu.

Soma maneno yaliyo kwenye kidirisha cha malipo kabla ya PIN. Kidirisha kinakuonyesha kiasi na jina la anayelipwa. Jina likiwa tofauti na huduma uliyochagua, futa. Na ndani ya programu tafuta maneno kama "usajili utajirudia" au "hadi utakapofuta." Ukiyaona, hayo ni malipo ya kufuatwa. Ukiamua kuendelea, tafuta siku hiyo hiyo mahali pa kufuta, ujue palipo, hata kama hutafuta leo. Huduma ambayo mlango wa kutokea haupatikani kwa urahisi imekuambia kitu kuhusu tabia yake.

Jambo lingine ambalo watu wengi hukosea: kuondoa programu kwenye simu si kufuta usajili. Ukifuta programu umetupa ufunguo, lakini nyumba bado imeandikwa jina lako. Kama ulilipa kwa kadi, GlobalPay ikiwemo, ingia kwenye akaunti na ufute usajili wenyewe. Kama uliweka Ratiba, ifute pia huko huko ulikoiweka. Kama ni huduma inayokata kredo, na haya ndiyo malalamiko magumu zaidi kwa sababu shilingi tano au kumi kwa siku hazionekani, pigia simu kampuni yako ya mtandao uwaulize laini yako imesajiliwa kwa huduma gani. Una haki ya kujua, na una haki ya kuondolewa. Wasipokusikiliza, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya aina hiyo.

Chagua tarehe yako mwenyewe. Hakuna sheria inayosema mwezi wa sinema uanze tarehe 1. Kama pesa yako huja wikendi ya mnada wa mifugo, lipia baada ya mnada. Kama unafuata mpira, huna sababu ya kulipia mpango wa mpira Juni na Julai. Familia nyingi hapa kwetu hupunguza sinema wakati wa Ramadhani. Basi acha muda uishe kabla ya mwezi kuandama na ulipie tena baada ya Idi. Ukiwa mtu wa kupeleka, mapumziko ya aina hiyo hayahitaji ruhusa ya mtu. Akaunti yako kwa kawaida inakungoja, pamoja na orodha ya ulichokuwa unatazama.

Kuhusu kulipia mwaka mzima ili upate punguzo, tungekuwa waangalifu. Huduma hizi huja na kwenda. Iflix ya Malaysia iliingia Afrika kwa kishindo mwaka 2017, Kenya ikiwemo, na kufikia 2019 ilikuwa imeshafungwa huku. Amazon Prime Video mwanzoni mwa 2024 ilisimamisha kutengeneza vipindi vipya Afrika. Showmax yenyewe, kama tulivyoona, imebadilisha teknolojia, mipango na wamiliki ndani ya miaka kumi. Punguzo la mwaka ni zuri kama huduma itakuwepo mwaka mzima kwa sura ile ile. Mwezi mmoja mmoja ni ghali kidogo lakini ukiona mambo yamebadilika unaondoka na pesa yako ya miezi iliyobaki bado mfukoni.

Halafu kuna matapeli, na hao wanapenda sana kitu kinachokua. Ujumbe unakuja: "Usajili wako wa sinema unaisha leo, tuma 299 kwa namba hii." Angalia vizuri. Huduma halali hukuelekeza kulipia ndani ya programu yake au kwa Paybill yake, haikuambii utume kwa namba ya mtu binafsi. Wengine wanauza "akaunti ya mwaka" kwa bei ya mwezi mmoja kwenye makundi ya WhatsApp. Unalipa, unaingia, unatazama wiki mbili, kisha neno la siri linabadilishwa na muuzaji hapatikani. Hapo kurudisha pesa ni vigumu, kwa sababu ulituma mwenyewe, kwa hiari yako, kwa PIN yako. Ukikosea na kutuma kwa Paybill isiyo sahihi, usikae na uchungu hadi kesho: chukua ule ujumbe wa uthibitisho wenye nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu kumi kwa watu wa M-Pesa, na uwasiliane mara moja na huduma kwa wateja pamoja na kampuni iliyopokea. Nambari hiyo ndiyo risiti yako. Usiifute ujumbe huo hata kama simu imejaa. Ni afadhali ufute zile video za "habari za asubuhi" za kundi la familia.

Na kwa kijana aliyeanzisha haya yote: kama shangazi amekulipia, mwonyeshe. Mwonyeshe kiasi, tarehe ya kuisha, mahali pa kufuta, na ubora uliouweka. Ikifika siku ya 28, muulize kama aendelee. Akisema hapana, muda unaisha wenyewe usiku huo wa mwisho, na asubuhi pesa ya Eastleigh inaingia kwenye laini ambayo hakuna mwingine anayeisubiri.